Shinda, Shindana, Endelea: Maneno Matatu ya Biashara ya Ndege Yatazamwapo kutoka Namawala

Kijiji cha Namawala kimo katika bonde la Kilombero, magharibi ya Ifakara, baina ya milima ya Udzungwa na nyanda zifurikazo maji kila masika. Wataalamu wa malaria walianza kukifahamu vema katika miaka ya 1990, kwa kuwa mbu wake walikamatwa na kuhesabiwa huko usiku baada ya usiku. Zaidi ya hao, ni wageni wachache waliopata sababu ya kukijua. Mstari ulionyoka kutoka Dar es Salaam hadi Songwe, karibu na Mbeya, hupita kaskazini yake kidogo, juu ya milima; basi ndege za abiria ni jambo la kutazamwa tu, si la kupandwa. Hata hivyo nadhani hapa ni mahali pafaapo kusimama mtu atakaye kuyapima maneno yatumikayo sasa katika biashara hiyo, maana mipango yake ya miaka mingi ijayo yaweza kulifikia bonde hili kwa njia isiyo ya angani.

Tuanze na neno lenyewe. Ndege katika kamusi za zamani ni kiumbe arukaye, tena ni fali: mtu aliyetoka safarini asubuhi aliweza kukutana na ndege njema au ndege mbaya, akaendelea na safari au akarudi nyumbani. Ilipokuja mashine, wengine walisema eropleni, lakini neno hilo halikudumu. Wasemaji walichukua neno la kale na kulitenga kwa upatanisho tu. Ndege ametua mtini, ndege imetua uwanjani. Hapa sarufi ilifanya kazi ambayo kamati yoyote ya istilahi ingeionea fahari, wala hakuna aliyeiagiza.

Neno la pili, ushindani, si jepesi hivyo. Hutoka katika kitenzi shinda, nacho kina maana mbili ambazo kamusi sanifu ya mwaka 1939 iliziweka pamoja: kupata nguvu juu ya mwingine, na kukaa mahali kutwa, kama tusemapo kwamba fulani ameshinda shambani au ameshinda na njaa. Katika biashara nyingi maana ya kwanza yatosha. Katika biashara ya ndege, nijuavyo mimi, maana ya pili ndiyo yenye uzito. Ashindaye ni yule aliyebaki.

Mfano ulio wazi ni wa mashirika mawili yaliyozaliwa karibu wakati mmoja. Shirika la ndege la Ethiopia lilianzishwa Desemba 1945, na safari yake ya kwanza ilitoka Addis Ababa kwenda Cairo mwezi wa Aprili 1946. East African Airways, lililomilikiwa na serikali za Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja, lilianza Januari 1946. Kama mtu angeulizwa mwaka 1966 ni lipi litakaloshinda, angekuwa na haki ya kulitaja la kwetu: lilikuwa na ndege za Comet tangu mwaka 1960, na mwaka huo wa 1966 likapokea Super VC10, ndege kubwa zilizosifiwa sana siku zile. Mwaka 1977 lilikuwa limekwisha. Nchi washirika ziligombana juu ya fedha na madeni, kila moja ikaanzisha shirika lake, na Tanzania ikaunda Air Tanzania mwezi wa Machi mwaka ule ule. Ikumbukwe kwamba karakana kuu zilikuwa Nairobi. Nchi iliweza kununua ndege tena. Mafundi, vipuri na mazoea ya miaka thelathini havikugawanyika kwa urahisi kama vyombo vya nyumbani.

Wahabeshi nao walianza kwa kuongozwa na wageni, kwa mkataba na kampuni ya Kimarekani ya TWA. Lakini tangu mapema walisomesha watu wao: marubani, kisha mafundi, kisha mameneja, hata mwaka 1971 mkuu wa shirika akawa Mwethiopia. Leo wana chuo chao, nao hutengeneza ndege zao na za wengine. Hakuna siri katika habari hii, wala sidhani kwamba tofauti ilikuwa ni akili ya watu. Ilikuwa ni kukaa: serikali zilibadilika, tena kwa umwagaji wa damu, lakini karakana haikuhamishwa.

Historia ya Air Tanzania baada ya hapo yaweza kuelezwa upesi. Mwaka 2002 asilimia 49 ya hisa zake ziliuzwa kwa shirika la Afrika Kusini, na mwaka 2006 ubia huo ukavunjika. Mwaka 2016 serikali ilianza kununua ndege mpya, ikaanza na Q400 mbili; mwaka 2018 zikaja Boeing 787 na Airbus A220, na Tanzania ikawa nchi ya kwanza ya Afrika kuirusha aina hiyo ya mwisho. Kisha, tangu mwishoni mwa mwaka 2022, baadhi ya A220 zilikaa chini kwa muda mrefu zikingoja injini, kwa kasoro iliyowasumbua wenye ndege hizo duniani kote. Zilishinda uwanjani, kwa maana ya pili ya neno. Mwezi wa Desemba 2024 Jumuiya ya Ulaya ililiweka shirika hilo katika orodha ya wasioruhusiwa kuingia anga yake, na Juni 2025 marufuku hiyo ikayaenea mashirika yote yaliyopewa vyeti Tanzania. Sababu iliyotolewa ilikuwa usalama na usimamizi wake. Ndege mpya haileti fundi ndani yake.

Sasa nalifikia neno la tatu, nalo ndilo lililonifanya niandike. Uendelevu ni neno la juzi. Limeundwa vizuri: kitenzi endelea, kiambishi -vu kama katika -tulivu na -sikivu, kisha u- ya kuunda jina la dhana. Kwa umbo sina neno nalo. Shida yangu ni kwamba jina la namna hii humficha mtenda. Tusemapo mpango wa uendelevu wa usafiri wa anga, ni nani aendeleaye? Shirika lipatalo faida mwaka hata mwaka? Au ni mvua, mito na mashamba ambayo moshi wa injini usiyaharibu? Wazee wangetumia vitenzi viwili, kudumu kwa la kwanza na kutunza kwa la pili, wala wasingeyachanganya.

Mchanganyiko huo si mchezo wa maneno. Mwaka 2022 mataifa wanachama wa shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ICAO, yalikubaliana kwamba ifikapo mwaka 2050 safari za kimataifa ziwe hazizidishi hewa ya ukaa. Mashirika yenyewe, katika azimio lao la mwaka 2021, yalikadiria kwamba karibu asilimia 65 ya punguzo litatoka katika mafuta mapya, yasiyochimbwa ardhini. Mafuta ya ndege si kitu cha ajabu. Ni ndugu wa mafuta ya taa, yaliyosafishwa zaidi. Njia mojawapo ya kuyapata ni spiriti: sukari huchachushwa, spiriti hukamuliwa maji, kisha chembe zake huunganishwa mpaka ziwe mafuta mazito. Kiwanda kikubwa cha kwanza cha namna hii kilifunguliwa Georgia, Marekani, mwaka 2024. Kwa kila lita moja ya mafuta hutakiwa zaidi ya lita moja na nusu ya spiriti.

Msomaji aliyefika Kidatu amekwisha kuona ninakokwenda. Kaskazini ya bonde, viwanda vya sukari vya Kilombero vimekuwapo tangu miaka ya 1960. Miwa hulimwa na kampuni na maelfu ya wakulima wadogo, na molasi hugeuzwa spiriti hapo hapo. Upande wa Uchindile kampuni ya Kinorwe ilipanda misindano na mikaratusi, ikauza hati za hewa ya ukaa nje. Sisemi kwamba wenye ndege wamekwisha kubisha hodi Namawala. Nasema kwamba shamba lenye jua, maji na reli ya TAZARA ndiyo aina ya ardhi ambayo hesabu hizo za mwaka 2050 huihitaji, na kwamba nyanda za bonde hili, zilizoingizwa mwaka 2002 katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu, hulisha wakulima wa mpunga, wavuvi, wafugaji na sheshe, na kuupelekea mto Rufiji zaidi ya nusu ya maji yake. Ulaya, kwa sheria yake ya mwaka 2023, imekataa kuyahesabu mafuta yatokanayo na mimea ya chakula; huenda masoko mengine yasiwe na kipingamizi hicho.

Kwa hiyo ningependa watunga istilahi wasiridhike kwa kuwa neno limekwisha kupatikana na kuchapwa. Karatasi ya namna hiyo ikisomwa siku moja mbele ya mkutano wa kijiji, kila sentensi yenye uendelevu yafaa irudishwe kwanza kuwa kitenzi chenye kiambishi cha mtenda: kampuni itaendelea kufanya nini, maji yataendelea kupita wapi, na mwenye shamba la mpunga ataendelea kulima hata masika ya mwaka gani.