Kwa nini kompyuta pekee haikutosha kunyoosha takwimu za afya

MUUGUZI wa zahanati anapomaliza kumpima mtoto uzito, kazi yake haiishii kwenye mizani. Hulazimika kuandika jina, umri na kilo za mtoto huyo katika kitabu cha MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya. Mwisho wa mwezi hurejea katika kitabu hicho na kuhesabu mstari kwa mstari ili apate jumla inayopelekwa wilayani. Jumla hiyo ndiyo huonekana baadaye kwenye kompyuta za Wizara ya Afya, na ndiyo hutumika kupanga ni chanjo kiasi gani zinahitajika na wapi.

MTUHA ulianza mwanzoni mwa miaka ya 1990 ukiwa wa karatasi tupu. Ilipofika mwaka 2013, programu ya kompyuta iitwayo DHIS2, ambayo hutolewa bure, ilikuwa imesambazwa katika wilaya zote za Tanzania Bara. Kenya ilikuwa imetangulia, kwani ilianza kuitumia kitaifa kwa njia ya intaneti mwaka 2011. Mafanikio hayo si madogo. Hata hivyo, kilichofupishwa ni safari ya taarifa kutoka wilayani kwenda wizarani. Safari ya kutoka kwa mgonjwa hadi wilayani, ambako kosa la muuguzi aliyechoka huingia bila mtu kuliona, iliendelea kwa miaka mingi kuwa ya kalamu na karatasi.

Pengo hilo kati ya mashine na watu wanaoilisha ndilo hasa linalochunguzwa na watafiti wa mifumo ya taarifa za menejimenti. Chimbuko la hoja yao ni la zamani kuliko kompyuta za ofisini. Mwaka 1951, Eric Trist na Ken Bamforth wa Taasisi ya Tavistock ya jijini London walieleza yaliyotokea katika migodi ya makaa ya mawe ya Uingereza baada ya mitambo mipya kuingizwa. Vikundi vidogo vya wachimbaji waliozoea kufanya kazi yote pamoja vilivunjwa, kila zamu ikapewa kipande chake, na utoro pamoja na lawama baina ya zamu vikashamiri. Mitambo haikuwa mibovu. Kilichokosewa ni kuileta bila kufikiri upya namna watu watakavyopangwa kuizunguka.

Katika miaka ya 1970, Kristen Nygaard wa Norway, mmoja wa wagunduzi wa lugha ya kompyuta ya Simula, aliifikisha hoja hiyo kwa wafanyakazi wenyewe. Alishirikiana na chama cha wafanyakazi wa chuma nchini humo ili nao wawe na kauli kuhusu kompyuta zitakazoingia viwandani mwao. Kutokana na mtazamo huo, watafiti wa Chuo Kikuu cha Oslo walishirikiana na wenzao wa Cape Town kuanzia mwaka 1994. Afrika Kusini ilikuwa inatoka katika ubaguzi wa rangi ikiwa na idara 14 za afya, kila moja na fomu zake. Programu iliyozaliwa huko ndiyo mzazi wa DHIS2, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuja kuwa mshirika wa kazi hiyo kwa upande wa Tanzania.

Somo lenye uzito zaidi lilipatikana Zanzibar. Jørn Braa, Arthur Heywood na Sundeep Sahay walilieleza katika makala iliyochapishwa mwaka 2012 kwenye jarida la Shirika la Afya Duniani. Badala ya kuishia kuwafundisha watumishi kubofya kompyuta, waliandaa warsha zilizorudiwa mara kwa mara, ambamo timu za wilaya zilisimama mbele ya wenzao na kuzieleza takwimu zao zenyewe. Wilaya ikionyesha jambo lisiloingia akilini, wenzao huuliza. Anayejua kuwa ataulizwa huipitia taarifa yake kabla ya kupanda jukwaani, na kwa kuipitia hugundua kuwa fomu fulani inauliza jambo lile lile mara mbili. Fomu zikapunguzwa, ubora wa takwimu ukapanda. Ni dawa rahisi, na pengine ndiyo sababu haiwavutii sana wafadhili wanaopenda kupigwa picha wakikabidhi kompyuta.

Si kila kasoro ni ya muuguzi. Kuna wilaya ambazo kiwango cha chanjo husomeka kuwa zaidi ya asilimia 100. Mtu wa mjini huliona jambo hilo kuwa ni uongo wa wazi, lakini mara nyingi maelezo yake ni mengine: idadi ya watoto wanaolengwa hukadiriwa kutokana na sensa ya miaka kadhaa iliyopita, wakati akina mama huvuka mpaka wa wilaya kufuata zahanati iliyo karibu. Kompyuta hugawanya namba mbili ilizopewa, basi.

Aidha, miradi ya malaria, kifua kikuu na UKIMWI imekuwa ikija na madaftari yake, hivyo mgonjwa mmoja huweza kuandikwa mara kadhaa na mkono ule ule. Fedha nazo huongeza uzito. Mwaka 2011 Mkoa wa Pwani ulianza majaribio ya kuvilipa vituo kulingana na matokeo yanayosomwa katika taarifa za MTUHA. Daftari lililokuwa kumbukumbu likageuka pia kuwa hati ya malipo, na ikabidi wawepo wahakiki wa kulinganisha vitabu na namba zilizotumwa.

Sasa hatua inayofuata ni kuondoa daftari lenyewe. Mifumo kama GoTHOMIS, iliyoandaliwa na Serikali kwa ajili ya vituo vya kutolea huduma, humwandika mgonjwa kwenye kompyuta papo hapo, na majumuisho yakafanywa na mashine. Kuhesabu mistari kunakwisha, lakini kituo chenye umeme wa kukatika hulazimika kurudi kwenye karatasi na kuingiza taarifa baadaye, yaani kazi mara mbili. Vilevile, kinachohifadhiwa si jumla tena bali jina na ugonjwa wa mtu, jambo linaloviingiza vituo hivyo chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Ni nani katika zahanati yenye watumishi wawili atakayeshika nywila, na ni nani atakayeitumia mwenzake akiwa likizo, ni swali ambalo mtengeneza programu hawezi kulijibu akiwa ofisini kwake.