Keki Bila Yai, Plamu za Kimende

Kila mtaa uko na ule msee anajuanga kila kitu. Mshow unataka kuoka keki bila mayai, bila maziwa, bila siagi, atacheka mpaka ashike ukuta. "Hio itakuwa ugali ya sukari!" Afu atakushow vegani ni mambo ya mababi wa Westi, wasee wako na ganji hadi wanachagua chenye hawatadishi. Manze, huyo ako off, na acha nianze na upande wa mfuko ju ndio unauma wengi.

Keki ya kawaida inameza mayai matatu ama manne, siagi, na maziwa. Toa hizo zote uone chenye kinabaki: unga wa chapo, sukari, mafuta ya kupima, matunda. Sasa babi ni nani hapo? Na hii form si ya jana. Wakati wa vita ya kwanza ya dunia, wamathe Marekani walikuwa wanachemsha zabibu na sukari na viungo, wanaunda keki bila yai wala maziwa, ju vitu zilikuwa zimepotea dukani. Sawa, wengine waliweka mafuta ya nguruwe, so vegani hawakuwa. Hapa kwetu marasta wamedishi ital tangu kitambo, na ukiingia hoteli ya Wahabeshi Nairobi uitishe dishi ya mfungo, unaletewa injera na dengu na mboga, hakuna nyama hakuna maziwa, na hakuna mtu anaita hio maringo.

Sasa plamu. Kama ushawahi toka Naks ukija tao, unajua pale Kimende na Soko Mjinga. Mat ikipunguza mwendo tu, mikono imejaa dirishani: karoti, viazi, peasi, na Krisi ikikaribia, plamu nyekundu kwa ndoo. Zinatoka hio ridge ya baridi, Lari, Limuru, hadi Kinangop, ju mti wa plamu unapenda baridi. Ukiupeleka Mombasa utakupea majani na kiburi. Aina moja ya huko inaitwa Santa Rosa, na ilitoka kwa shamba la Luther Burbank huko California mwaka wa 1906. Mzee alikuwa anachanganya miti vile deejay anachanganya ngoma. Ya keki usibuy zile ngumu zinang'aa. Itisha zenye zimelegea, zile mama anataka kumaliza jioni aende home. Hizo ndio tamu, na bei inaongea vizuri.

Chukua kama nusu kilo. Toa kokwa, lakini ngozi iwache, ju rangi na uchachu viko hapo. Tia sufuria na maji kidogo, moto mos mos, robo saa hivi, mpaka zisambaratike. Ponda na mwiko upate kikombe kimoja cha uji mzito. Hio ndio itafanya wera ya yai. Yai kwa keki linashikanisha na kusaidia kuinua. Plamu iko na pektini, ile kitu hufanya jam ishikane, so kushikanisha imesort. Kuinua tunawachia baking soda: ikikutana na kitu chachu inatoa hewa, na hio hewa ndio inasukuma keki juu. Plamu ni chachu tayari, lakini ongeza kijiko kikubwa cha siki ama ndimu usibahatishe. Na please, usiweke magadi ya githeri ati ju zote ni soda. Magadi ni kali, utaonja sabuni wiki mzima.

Zabibu, mikono miwili, ziloweke kwa nusu kikombe ya strungi moto. Kwa bakuli kubwa changanya vikombe viwili vya unga, kijiko kidogo cha soda, kingine cha baking poda, chumvi kiduchu, mdalasini na tangawizi ya unga. Kwa ingine: uji wa plamu ukishapoa, robo tatu kikombe ya sukari, theluthi kikombe ya mafuta, siki, na zabibu na strungi yake. Asali haiingii, ni ya nyuki. Ukitaka kutumia margarine, soma nyuma ya mkebe, zingine ziko na maziwa.

Hapa ndio wengi huchomeka: jiko lazima liwe moto kabla umwage ya maji kwa unga. Soda haingoji mtu. Ikianza kutoa hewa imeanza, na ukienda kutafuta nare hapo kati, keki inakaa chini kama imenyimwa fare. Koroga tu mpaka unga mkavu upotee. Ukikoroga sana unga unavuta, na hapo sasa yule msee wa ugali atakuwa ameshinda.

Oveni? Digrii 175, dakika 45 hadi 50. Huna oveni, kama wengi wetu? Sufuria kubwa, mchanga mkavu ndani, funika ipate moto vizuri. Weka keki kwa sufuria ndogo umepaka mafuta, iingize, funika, makaa machache chini na mengine juu ya mfuniko. Juu kuwe na makaa mingi kuliko chini. Baada ya dakika 40 dunga kijiti. Kikitoka kisafi, toa. Na hii si utani: kama uko bedsitter, jiko likae nje. Hewa ya sumu ya makaa haina harufu, na imemaliza watu wengi wakiwa wamelala.

Mambo ya afya nitakubongea bila story za jaba. Plamu moja fresh ni kama kalori 30, mingi ni maji, iko na vitamini C, potasiamu na nyuzinyuzi. Hio vitamini C inapungua ikipikwa, na kwa keki kuna sukari, so kama unataka plamu ya afya, idishi mbichi. Heshima kubwa iko kwa zile zimekaushwa. Huko Iowa watafiti walipea watu wenye choo ngumu gramu 100 kwa siku, wakalinganisha na dawa ya nyuzinyuzi ya psyllium; plamu ikashinda, utafiti ukatoka 2011. Mwaka huo huo Florida State University ikatoa ya wamama walioacha hedhi: kula hizo gramu 100 kila siku mwaka mzima kulisaidia mifupa yao. Lakini kama guka wako anameza warfarin, aongee na daktari kwanza, ju hizo kavu ziko na vitamini K mob.

Chenye kinasukuma tumbo, mbali na nyuzinyuzi, kinaitwa sobito, sukari fulani yenye utumbo haimalizi kunyonya, so inavuta maji. Kwa keki slaisi mbili haina ngori. Lakini usibuy ndoo Kimende uimalize kwa mat, halafu upatane na jam ya Disemba 26 hapo Rironi, na dere amekataa kufungua mlango.