Kadi za zamani za besiboli: furaha ya kuanza na kidogo

Mwaka 1960 kampuni ya Topps ya Brooklyn, mjini New York, ilikuwa na shehena ya kadi za besiboli ambazo hakuna aliyezitaka. Zilikuwa kadi za mwaka 1952, zilizotolewa mwishoni mwa msimu wakati watoto walikuwa wamekwisha kugeukia michezo mingine na wenye maduka hawakuziagiza tena. Sy Berger, mfanyakazi wa kampuni hiyo aliyeshiriki kuzibuni, alisimulia baadaye kwamba alijaribu kuziuza kwa bei ya kutupa akashindwa. Mwishowe zilipakiwa katika tishari la taka, zikaenda kumwagwa baharini nje ya pwani ya New Jersey.

Katika kundi hilo la mwisho wa msimu ilikuwamo kadi namba 311, yenye picha ya Mickey Mantle wa New York Yankees. Mwezi Agosti mwaka 2022 nakala moja ya kadi hiyo, iliyosalimika bila doa, iliuzwa mnadani nchini Marekani kwa dola milioni 12.6.

Habari za namna hii ndizo hutangazwa, na ndizo humfanya mtu wa kipato cha kawaida aamini kwamba ukusanyaji wa kadi za kale ni starehe ya matajiri. Sivyo. Kadi iliyochapwa miaka 50 au 60 iliyopita, yenye picha ya mchezaji asiye na jina kubwa na pembe zilizolika, huuzwa kwa dola chache tu, na mara nyingine chini ya bei ya kikombe cha kahawa. Anayeanza na kadi kama hizo hapati utajiri. Anachopata ni kipande cha historia ya Marekani anachoweza kukishika mkononi, pamoja na makosa yake, dharau zake na vichekesho vyake.

Zilianzia kwenye sigara

Kadi ya besiboli ni kipande cha karatasi ngumu, mbele kikiwa na picha ya mchezaji na nyuma maelezo yake: mahali alipozaliwa, timu alizochezea, idadi ya mipira aliyoipiga. Vipimo vinavyotumika hadi leo, upana wa takriban sentimita 6.4 kwa urefu wa 8.9, vilianza mwaka 1957. Wakusanyaji wengi huweka mpaka wa kadi za kale kwenye mwaka 1980, kwa kuwa mwaka uliofuata kampuni za Fleer na Donruss zilivunja ukiritimba wa Topps na soko likaanza kufurika.

Chimbuko lake ni katika karne ya 19. Kampuni za tumbaku zilitia kadi ngumu ndani ya pakiti ili sigara zisipondeke, kisha zikagundua kwamba picha ilimrudisha mnunuzi dukani. Seti mashuhuri kuliko zote za enzi hiyo ilitoka kati ya mwaka 1909 na 1911 ikiwa na kadi zaidi ya 500. Humo ndimo ilimo kadi ya Honus Wagner wa Pittsburgh, ambayo nakala zake zinazojulikana hazifiki hata 100. Uchapaji wake ulisitishwa mapema. Wako wanaosema Wagner hakutaka watoto washawishike kununua tumbaku, na wako wanaosema alikataa kwa sababu hakulipwa. Ubishi huo haujaisha, na wakusanyaji hawaonyeshi haraka ya kuumaliza.

Baada ya tumbaku ikaja chingamu, na walengwa wakawa watoto wenyewe. Mwaka 1933 kampuni ya Goudey ya Boston ilitangaza seti ya kadi 240, lakini namba 106 haikuwekwa katika pakiti yoyote. Watoto wakanunua na kununua, wakifukuzia kadi ambayo haikuwapo. Malalamiko yalipozidi, kampuni iliichapa mwaka 1934 na kuwatumia kwa posta wale walioandika barua. Leo namba 106, yenye picha ya Nap Lajoie, ni miongoni mwa kadi zinazotafutwa mno. Huo ni ulaghai uliogeuzwa johari na wakati.

Mtu aliyezipa majina

Mkusanyaji anayestahili kufahamiwa kabla ya wengine hakuwa tajiri. Jefferson Burdick alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha vifaa vya umeme mjini Syracuse, jimbo la New York, na alisumbuliwa miaka mingi na ugonjwa wa baridi yabisi uliomkunja vidole. Hakuwa na kadi za besiboli peke yake. Alikusanya picha za matangazo, kadi za posta, vibandiko vya masanduku, yaani karatasi zote ambazo watu huzitupa bila kufikiri. Yeye ndiye aliyetunga orodha kuu ya kadi za Marekani na kuzipa alama zinazotumika hadi sasa. Ile seti ya Wagner wakusanyaji wote huiita T206, herufi T ikiwa ya tumbaku na namba ikiwa ya Burdick.

Mwishoni mwa miaka ya 1940 alianza kuikabidhi mali yake yote, zaidi ya vipande 300,000, kwa Jumba la Makumbusho la Metropolitan mjini New York. Alikwenda huko mwaka baada ya mwaka kuvipanga na kuvibandika katika majalada kwa mikono isiyonyooka. Kazi hiyo aliimaliza Januari mwaka 1963. Machi mwaka huohuo akafariki dunia.

Tuseme pia kwamba Burdick alitumia gundi, jambo ambalo mkusanyaji wa leo akilisikia hushika kichwa. Njia ya sasa ni vifuko vya plastiki laini isiyo na kemikali za kuunguza karatasi, mbali na jua na unyevu. Mpira wa kufungia noti nao ni adui, kwani huacha alama pembeni isiyofutika. Watoto wa Marekani walizifunga kadi zao kwa mipira hiyo, wakazibana kwenye spoku za baiskeli ili gurudumu litoe mlio wa pikipiki, na mama zao wakazitupa wao walipokwenda jeshini au chuoni. Ndiyo sababu zilizobaki zina thamani. Zile za mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990 zilitunzwa na kila mtu kama akiba ya uzeeni, zikachapwa kwa wingi usio na kiasi, na leo nyingi hazifikii bei ya kasha zilimowekwa. Anayekushauri uzinunue kwa ajili ya faida, mshukuru na uondoke.

Jicho la mnunuzi

Palipo na fedha pana udanganyifu, na fani hii haikusalimika. Wagner mashuhuri kuliko wote ilinunuliwa mwaka 1991 kwa dola 451,000 na Wayne Gretzky, nyota wa hoki wa Kanada, pamoja na mshirika wake Bruce McNall. Ilisifiwa kwa ukali wa kingo zake. Mwaka 2013 Bill Mastro, mfanyabiashara aliyeimiliki kabla yao, alikiri katika kesi ya udanganyifu huko Chicago kwamba kingo hizo alizipunguza kwa kuzikata. Kampuni iliyokuwa imeithibitisha na kuipa alama ya ubora haikuligundua hilo, ama haikulisema.

Mwanzilishi hahitaji maabara. Kioo cha kukuzia kitamwonyesha kama picha imeundwa kwa vitone vya uchapaji wa zamani au kwa mashine ya siku hizi. Taa ndogo ya miali ya urujuanimno husaidia pia, kwa kuwa karatasi za kabla ya Vita Vikuu vya Pili hazikutiwa kemikali za kung’arisha weupe. Kadi inayodaiwa kuwa ya mwaka 1910 ikiwaka samawati chini ya taa hiyo, irudishe mezani. Kinga iliyo bora kuliko vifaa vyote, kwa maoni ya mwandishi huyu, ni kununua kadi zilizochakaa. Mghushi hapati faida kwa kughushi kitu cha dola mbili.

Wasiokuwamo

Anayezipanga kadi za kale kwa mfuatano wa miaka atagundua jambo moja bila kuambiwa na mtu. Katika mamia ya nyuso za T206, na tena katika 240 za mwaka 1933, hamna Mmarekani Mweusi hata mmoja. Ligi kuu ziliwafungia mlango tangu miaka ya 1880 hadi tarehe 15 Aprili mwaka 1947, siku Jackie Robinson alipoingia uwanjani akiwa na Brooklyn Dodgers. Kadi huchapwa kwa wanaochezea ligi kuu, na aliyezuiwa kucheza alizuiwa pia kuonekana.

Josh Gibson alikuwa mpigaji wa kutisha katika ligi za Weusi. Alifariki Januari mwaka 1947, miezi mitatu kabla ya Robinson kuvuka mstari. Mwaka 2024 ligi kuu iliziingiza takwimu za ligi za Weusi katika kumbukumbu zake rasmi, na Gibson, kwa wastani wa 0.372, akampita Ty Cobb na kuongoza orodha ya wapigaji wa nyakati zote. Hivyo kinara wa orodha hiyo ni mtu ambaye pakiti za sigara na chingamu za zama zake hazikumjua. Satchel Paige, mrushaji wa mpira wa kiwango hichohicho, alibahatika kidogo. Aliingia Cleveland mwaka 1948 akiwa na umri wa miaka 42, umri ambao wengine huwa wamekwisha kustaafu. Mwaka 1953 Topps ilimpa kadi nzuri yenye picha ya kuchorwa, na jina lake wakalikosea kwa kuliongezea herufi L moja.

Kuanza na watu tisa

Swali la kila mwanzilishi ni aanzie wapi. Kununua ovyo huchosha haraka, na seti nzima, kama ile ya mwaka 1971 yenye kadi 752, humkatisha tamaa mtu mapema. Ushauri wa makala hii ni kuchagua hadithi moja ndogo na kuifuata.

Iko moja inayofaa. Tarehe 1 Septemba mwaka 1971 timu ya Pittsburgh Pirates iliwapanga wachezaji tisa dhidi ya Philadelphia, na wote tisa walikuwa Weusi au wenye asili ya Amerika ya Kilatini. Halikuwa limetokea kamwe katika ligi kuu. Walikuwapo Willie Stargell, Al Oliver, Dave Cash, Gene Clines na mrushaji Dock Ellis. Manny Sanguillén na Rennie Stennett kutoka Panama. Jackie Hernández kutoka Cuba. Na Roberto Clemente wa Puerto Rico. Walishinda kwa 10 dhidi ya 7, na mwezi uliofuata wakatwaa ubingwa wa Marekani.

Kadi za mwaka huo zina pambizo nyeusi, na weusi huo humeguka kwa mguso mdogo. Matajiri huzisaka zilizo kamili kwa bei ya kutisha, ilhali zenye mikwaruzo huwaangukia wengine kwa dola chache. Anayeishi Kanada anaweza pia kutafuta zile za kampuni ya O-Pee-Chee ya London, Ontario, iliyochapa kadi hizohizo kwa Kiingereza na Kifaransa. Stennett hatampata katika seti ya mwaka 1971, kwani ndio kwanza alikuwa ameingia ligi kuu katikati ya msimu. Itambidi angoje hadi seti ya mwaka 1972, na kungoja huko, kukagua makasha mezani na kupekua mamia ya nyuso ngeni ukimtafuta mtu mmoja, ndiko kunakowarudisha wakusanyaji kwenye meza za wauzaji kila Jumamosi. Njiani atakutana na mengine asiyoyatafuta: kadi ya mwaka 1957 inayomwonyesha Hank Aaron akipiga kwa mkono wa kushoto kwa kuwa picha iligeuzwa kiwandani, au ya mwaka 1969 yenye jina la Aurelio Rodríguez ambapo aliyepigwa picha ni kijana wa kuokota magongo.

Aliye ghali kati ya wale tisa ni Clemente, na kwake yeye inafaa kuweka akiba. Kadi zake za kwanza, za mwaka 1955 na 1956, zina jina lake kamili. Kuanzia mwaka 1957 Topps ilimwita Bob, jina rahisi kwa ulimi wa Kiingereza, ingawa yeye mwenyewe alisisitiza kwamba anaitwa Roberto. Zizipange kadi hizo mezani na utaona Bob akirudiwa mwaka hadi mwaka hadi 1969. Jina lake linarudi mwaka 1970.

Tarehe 31 Desemba mwaka 1972 aliabiri ndege iliyosheheni misaada kwa waathirika wa tetemeko la ardhi huko Managua, Nicaragua. Ndege hiyo ilianguka baharini muda mfupi baada ya kuruka kutoka San Juan, na mwili wake haukupatikana. Msimu uliofuata pakiti zilipofika madukani, kadi yake ya mwaka 1973 ilikuwamo, ikiwa namba 50, na jina lililoandikwa juu yake ni Roberto Clemente.