Bei za Kutuma Fedha: Mtambo Uulizwe au Orodha Isomwe?

Ngumi ni kisiwa cha Wabajuni, kusini mwa Kismayo. Vita vya 1991 viliwatawanya wengi wa watu wa visiwa hivyo. Wengine walikimbilia Kenya, wengine Ulaya. Kijana aliyeko Uingereza, anapotaka kumpelekea mama yake dola 200, swali lake ni moja: ni wakala yupi atakayekata kidogo?

Mwaka 2008 Benki ya Dunia ilianzisha tovuti ya kulinganisha bei hizo. Watafiti wake hujifanya wateja, wakaulizia gharama ya kutuma dola 200 na dola 500, kisha wakaandika ada pamoja na kiwango cha kubadilishia fedha. Na hapo kwenye kiwango ndipo makato yanapojificha.

Mwishoni mwa 2022 ulitokea mtambo wa mazungumzo uitwao ChatGPT. Sasa kijana yule huuliza akajibiwa papo hapo, tena kwa lugha laini. Lakini mtambo haujapata kusimama dirishani kwa wakala. Hueleza yale yaliyokwisha kuandikwa na watu, na pengine hutaja bei ya mwaka juzi bila haya.

Tovuti inayonakili matangazo tu imekwisha kazi yake. Ile inayomtuma mtu kuulizia bei ndiyo inayoulisha hata mtambo wenyewe.

Askari aliye mbali na jamaa zake, kabla ya kulipa, na amwulize wakala: mpokeaji atatiwa mkononi kiasi gani?