Umeme wa Ghorofa: Mpaka wa Wajibu Uko Wapi

Katika jengo la fleti, umeme una wenye wajibu watatu kabla haujawasha taa ya sebuleni: shirika linalousambaza, wamiliki wa jengo kwa pamoja, na mwenye fleti. Kwa Tanzania Bara, mgawanyo wa wajibu huo unatokana na masharti ambayo TANESCO huwawekea wateja wake, pamoja na Sheria Na. 16 ya mwaka 2008 inayohusu umiliki wa sehemu za majengo. Zanzibar ina msambazaji wake, ZECO, na sheria yake ya majengo ya aina hiyo.

Mpaka wa kwanza ni mita. Nguzo, nyaya za mtaani, transfoma ya eneo na mita yenyewe ni vya TANESCO, na vikiharibika shirika ndilo huvitengeneza. Mteja na fundi wake hawaruhusiwi kukata lakiri ya mita wala kugusa kilicho ndani yake. Kuanzia swichi kuu iliyo baada ya mita, gharama na wajibu ni vya mteja. Kwa nyumba ya kawaida ya chini kanuni hiyo inatosha, maana mteja ni mmoja. Ghorofani mpaka hutegemea mita zilipofungwa.

Majengo mengi huweka mita za LUKU, yaani za malipo ya kabla, za fleti zote katika chumba kimoja cha chini. Hapo kebo inayotoka kwenye mita hadi fleti ya ghorofa ya sita iko upande wa mteja, hata kama inapita mbali na mlango wake. Ikiungua, mwenye fleti hiyo ndiye hugharimia kebo, ilhali njia ya kupitishia kebo zote ni mali ya pamoja.

Mengine huweka mita kwenye kila ghorofa. Hapo kuna kebo kuu inayopanda jengo zima kabla ya kuzifikia mita. Iko ndani ya jengo, mara nyingi imewekwa na mjenzi, lakini iko kabla ya mita. Hiki ndicho kipande kinacholeta ubishi mwingi, na dawa yake ni makubaliano ya maandishi na TANESCO yanayotaja umeme unakabidhiwa wapi.

Aina ya tatu ni jengo kubwa lenye transfoma yake, linalopokea umeme wa volti 11,000 au 33,000 na kupimwa kwa mita moja. Kwa TANESCO mteja hapo ni jengo, si mkazi. Transfoma, bodi kuu, kebo na mita ndogo za kila fleti huwa juu ya jengo lenyewe. Mkazi hununua umeme kwa msimamizi, naye msimamizi hulilipa shirika. Fedha zisipofika, aliyelipa kwa wakati hukaa gizani pamoja na mdaiwa.

Vifaa vya pamoja ni vile visivyotumikia fleti moja: bodi kuu, taa za ngazi na korido, lifti, pampu ya maji, jenereta, ethi ya jengo na kinga ya radi. Chini ya sheria ya 2008, sehemu za pamoja ni mali ya wamiliki wote kwa hisa zisizogawanyika, na umoja wao ndio unaozisimamia na kukusanya michango. Kwa kawaida vifaa hivyo huwa na mita yake. Uniti zikiisha bila mtu kununua nyingine, pampu husimama na bomba hukauka hata kwa mwenye LUKU iliyojaa. Kwenye jengo lisilogawanywa hati, kama yalivyo majengo mengi ya kupangisha ya Shirika la Nyumba la Taifa, mzigo huo ni wa mwenye jengo, na mpangaji huchangia kupitia kodi au ada ya huduma.

Kuna hitilafu moja inayoonyesha vizuri kwa nini mipaka hii ina maana. Jengo la fleti hupokea umeme wa njia tatu, na fleti hugawanywa katika njia hizo. Kila fleti hupata volti 230 kati ya njia yake na waya wa nyutro unaotumiwa na wote. Nyutro ikikatika au ikilegea, mizani hupotea: fleti zenye matumizi makubwa hupata umeme hafifu, na zenye matumizi madogo hupata volti zinazoweza kukaribia 400. Friji, televisheni na chaja huungua kwa dakika chache, tena katika fleti kadhaa kwa pamoja. Kama nyutro imekatika kwenye laini ya mtaani, wa kuulizwa ni shirika. Kama imelegea kwenye bodi kuu baada ya mita kubwa ya jengo, wa kuulizwa ni umoja wa wamiliki. Ndiyo maana ripoti ya fundi inayoonyesha mahali penye kasoro hutakiwa kabla ya kudai fidia.

Jenereta nayo inahitaji uangalizi. Lazima iunganishwe kupitia swichi ya kubadilishia inayotenga jengo na laini ya TANESCO. Bila hiyo, umeme hurudi mtaani na unaweza kumuua fundi aliye juu ya nguzo akiamini laini imezimwa. Wajibu wa swichi hiyo ni wa wamiliki wa jengo.

Ndani ya fleti, bodi ya breka, soketi na nyaya ni vya mwenye fleti, si vya mpangaji, isipokuwa mkataba useme vingine au mpangaji awe ndiye aliyeharibu. Hata hivyo, anayefunga viyoyozi vitatu kwenye kebo iliyokadiriwa kwa kimoja huhatarisha majirani, hivyo umoja una haki ya kutaka kuarifiwa kabla ya mzigo kuongezwa.

Matengenezo ya upande wa mteja hufanywa na fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Kumwita kishoka, yaani fundi asiye na leseni, huweza kuondoa haki ya fidia na kuleta adhabu. Malalamiko dhidi ya msambazaji huanzia kwenye ofisi yake, na yasipotatuliwa hupelekwa EWURA.

Kanuni za umoja wa wamiliki zinapaswa kutaja kila kifaa cha pamoja, nani hukikagua na mfuko gani hukilipia. Anayenunua au kupanga fleti na aziombe kanuni hizo kabla ya kutia saini.