Jeraha la Kumbukumbu: Utafiti wa Frank Neuner na Huduma ya Mchungaji

1. Utangulizi

Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo, Dar es Salaam, likaua watu zaidi ya 20. Kifusi kiliondolewa, marehemu wakazikwa, biashara ikarejea. Lakini aliyenusurika katika msiba wa namna hiyo aweza kuendelea kuliona jengo likianguka: usiku ndotoni, na mchana kila lori linaposhusha mzigo kwa kishindo. Je, akija kwa mchungaji, aambiwe asahau, au aambiwe asimulie? Katika makala hii twakusudia kulijibu swali hilo kwa kueleza kazi ya Frank Neuner, mwanasaikolojia wa Ujerumani, ambaye sehemu kubwa ya utafiti wake ilifanyika Afrika Mashariki.

2. Asili ya elimu hii

Jina lenyewe la Kariakoo latokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi wao kwa maradhi. Katika vita hiyo hiyo, mwaka 1915, Charles Myers aliandika katika jarida la The Lancet habari za askari waliopoteza kumbukumbu na uwezo wa kuona baada ya mabomu kulipuka karibu nao. Hata hivyo, ni mwaka 1980 tu ambapo Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani kiliuingiza ugonjwa wa baada ya kiwewe katika orodha yake rasmi. Dalili zake kuu ni tukio kujirudia akilini, kukwepa kila kinacholikumbusha, na mwili kukaa macho kama kwamba hatari ingalipo.

3. Kazi ya Neuner

Akiwa Chuo Kikuu cha Konstanz, pamoja na Maggie Schauer na Thomas Elbert, Neuner aliunda tiba ya usimulizi. Msingi wake ni huu: tukio la kutisha huacha kumbukumbu ya namna mbili. Moja ni ya moto, yaani sauti, harufu, hofu na mapigo ya moyo. Nyingine ni ya baridi, yaani mahali, saa na mfuatano wa mambo. Kwa mgonjwa hizi mbili zimeachana, kwa hiyo kishindo kimoja chaamsha hofu yote, bila ile sauti ya ndani isemayo, "Hayo yalikuwa mwaka ule, nayo yamekwisha."

Katika tiba, mgonjwa hutandaza kamba sakafuni, mfano wa maisha yake tangu kuzaliwa. Huweka maua penye furaha na mawe penye maumivu. Kisha husimulia yote kwa utaratibu, akikaa na kila jiwe mpaka hofu ipungue. Msikilizaji huandika, na katika kikao kinachofuata humsomea ili asahihishe.

Mwaka 2004 walichapisha matokeo ya wakimbizi 43 wa Sudan waliokuwa Uganda. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 29 tu ya waliosimulia walikuwa bado wagonjwa, dhidi ya asilimia 79 ya waliopewa ushauri wa kawaida na 80 ya waliopewa mafundisho tu. Kundi hilo lilikuwa dogo. Lakini mwaka 2008 walichapisha utafiti wa wakimbizi 277 wa Rwanda na Somalia katika makazi ya Nakivale, na safari hii washauri walikuwa wakimbizi wenyewe waliofundishwa. Asilimia 70 ya waliosimulia hawakuwa tena na ugonjwa baada ya miezi tisa. Kwa wasiotibiwa ni 37.

4. Mafunzo kwa mchungaji

Kwanza, tusilazimishe usimulizi siku za mwanzo. Mapitio ya tafiti yaliyotolewa mwaka 2002 yalionyesha kwamba kikao kimoja cha kumhoji mtu mara baada ya msiba hakizuii ugonjwa, na huenda kikadhuru. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2011 wataka msaada wa vitendo: usalama, maji, kuwapata ndugu, na kumsikiliza anayetaka kusema.

Pili, wengi hupona bila tiba. Lakini dalili zikipita mwezi, nasi twaona mshirika hali, halali, hawezi kurudi dukani, hatuna budi kumpeleka kwa wataalamu. Kulifunua jeraha na kuliacha katikati ya hadithi ni kosa. Asiyefundishwa asijaribu tiba hii.

Tatu, tusiite ugonjwa huu upungufu wa imani. Kumwambia mtu "omba, usahau" ni kumsaidia kukwepa, na kukwepa ndiko kunakoulea ugonjwa. Zaburi za maombolezo hazikwepi. Hutaja maumivu kwa majina yake mbele za Mungu.

5. Hitimisho

Nakivale yatufundisha kwamba mtu wa kawaida aweza kufundishwa kusikiliza vema. Basi vyuo vyetu vya theolojia vyaweza kuliingiza somo hili, kwa msaada wa wataalamu, katika mafunzo ya huduma. Jibu la swali letu ni kwamba mtu asiambiwe asahau, wala asiharakishwe kusimulia. Apewe kwanza usalama, kisha, wakati wake ukifika, apewe msikilizaji asiyekimbia.