Si kila gesi ni vidonda vya tumbo

Leo nazungumzia jambo ambalo wengi wetu tunalionea haya: gesi tumboni. Nianze na aibu yangu mwenyewe.

Mimi ni mzaliwa wa Lindi, nami nimeoa Buhemba, mkoani Mara, huko kwenye machimbo ya dhahabu, si mbali na Butiama. Safari yangu ya kwanza ukweni nililetewa kikombe kikubwa cha maziwa ya asubuhi, yamechemshwa tu. Nilipokimaliza kikajazwa tena, na mkwe hakatai. Haikupita saa moja tumbo likaanza kunguruma kama lori linalopanda mlima, likajaa, likabana, nami nimeketi mbele ya baba mkwe! Chooni nilikwenda mara tatu.

Niliporudi Dar es Salaam niliyasimulia hayo kwenye duka moja la dawa. Muuzaji hakuniuliza nimekula nini. Akasema hivyo ni vidonda vya tumbo, akanifungia vidonge. Nilimeza, nikaacha, nikanunua tena, karibu mwaka mzima, bila kipimo hata kimoja. Na kwa kuwa niliambiwa maziwa hutuliza vidonda, nikayazidisha. Hali ikazidi kuwa mbaya.

Hatimaye nilikwenda kwa daktari. Vidonda vingi vya tumbo husababishwa na bakteria aitwaye Helicobacter pylori, au na dawa za maumivu zinazotumiwa ovyo. Bakteria huyo hupimwa, kwa choo au kwa pumzi. Barry Marshall wa Australia alimnywa kwa makusudi mwaka 1984 ili kuthibitisha kuwa hudhuru tumbo, na mwaka 2005 yeye na mwenzake Robin Warren wakapata Tuzo ya Nobel. Mimi nilipimwa, hakuonekana. Daktari akaniuliza swali moja tu: "Bwana, maziwa unakunywa kiasi gani?"

Maziwa yana sukari iitwayo laktozi. Ili mwili uitumie, utumbo mwembamba lazima uikate kwa kimeng'enya kiitwacho laktezi. Mtoto mchanga anacho tele, na kwa hiyo mama asithubutu kumwachisha ziwa kwa sababu ya mazungumzo haya. Lakini kwa watu wengi duniani kimeng'enya hicho hupungua baada ya utoto. Sukari isiyokatwa hushuka hadi utumbo mpana, na huko bakteria huichachusha kama pombe chunguni. Kinachotoka ni gesi. Sukari hiyo pia huvuta maji, ndipo mtu akaharisha.

Mbona basi wakwe zangu hunywa na kulala usingizi? Mwaka 2007 wataalamu walioongozwa na Sarah Tishkoff wa Marekani walitangaza matokeo ya kuwapima watu 470 wa Tanzania, Kenya na Sudan. Waliwanywesha laktozi, kisha wakapima sukari katika damu yao. Waligundua kuwa miongoni mwa watu wa Afrika Mashariki, hasa wafugaji, yako mabadiliko ya urithi yanayokifanya kimeng'enya kile kiendelee hadi uzeeni. Mabadiliko hayo si yale ya Wazungu. Yalizuka hapa hapa kwetu, maelfu ya miaka iliyopita, katika jamii zilizoishi kwa ng'ombe. Sisi wa pwani ya kusini, ambako mbung'o hakumpa ng'ombe nafasi, wengi wetu hatukuachiwa urithi huo.

Maziwa ya mgando ni habari nyingine. Ndani ya kibuyu bakteria wamekwisha kula sehemu ya laktozi kabla yako, na wengi wasioweza maziwa mabichi huyaweza hayo.

Maharage nayo yana sukari ambazo hakuna binadamu awezaye kuzikata, awe mfugaji au mvuvi. Yaloweke usiku kucha, umwage maji yale, upikie mengine. Magadi huyalainisha, lakini mwenye shinikizo la damu asiyazoee. Soda nayo huingiza gesi kwa mlango wa mbele.

Kushuta kwenyewe si ugonjwa. Aliyepasuliwa tumbo huulizwa na muuguzi kama ametoa hewa, na akijibu ndiyo, wodi nzima hufurahi, kwa kuwa utumbo umeamka. Wa kukimbilia hospitali bila kuchelewa ni yule ambaye tumbo limevimba, anatapika, na choo wala hewa havitoki. Kadhalika anayetapika damu, mwenye choo cheusi kama lami au chenye damu, na anayekonda bila sababu. Hao wasipite kwanza dukani.

Safari iliyofuata ya Buhemba nilimwomba mke wangu anisemee, maana mkwe hazungumzi habari za tumbo lake mbele ya mama mkwe. Nikaletewa mgando, kikombe kile kile kikubwa. Nilikimaliza, kikajazwa tena.